Hawabebi mapipa, wanashika mfereji

Kwa kinyozi wetu hapa mtaani kuna runinga ndogo imefungwa juu ya kioo. Ikifika saa moja jioni, wakati wa taarifa, kazi ya kunyoa inaenda polepole kwa sababu kinyozi mwenyewe ni mchambuzi wa siasa. Wacha zionekane meli za kivita kule Ghuba, au rais wa nchi fulani akitishiwa, mdahalo unawaka papo hapo. Na karibu kila mara kuna mtu wa kuufunga kwa maneno matatu: "Ni mafuta tu." Wote tunaitikia, tunajiona werevu, tunarudi kwa mpira.

Mtu huyo kwa kawaida nilikuwa mimi.

Sasa kuna mzee mmoja ambaye huja kunyolewa ndevu hapo kila Jumamosi. Aliendesha lori Kuwait kwa miaka kadhaa kabla ya kurudi nyumbani, na si mtu wa maneno mengi. Siku moja, baada ya mimi kutoa hukumu yangu ya kawaida, aligeuza shingo, povu likiwa bado shavuni, akaniuliza, "Kijana, Marekani iliingia Iraq mwaka wa 2003. Hayo mafuta alipewa nani?"

"Si wao wenyewe, mzee."

"Wao nani? Nitajie kampuni."

Nilikwama. Kinyozi alizima mashine ili asikie vizuri. Nilibaki kutafuna maneno hadi mzee akanionea huruma na kugeukia kioo. Nilitoka pale na aibu, na aibu ikanipeleka kusoma. Nimerudi na msimamo tofauti kidogo, na nataka tuujadili, kwa sababu najua si mimi peke yangu niliyekuwa nikitembea na hayo maneno matatu mfukoni.

Kwanza, haki ya mzee. Swali lake lina uzito kuliko nilivyodhani. Iraq ilipopiga mnada visima vyake mwaka wa 2009, kisima kikubwa kuliko vyote, Rumaila, kilienda kwa BP ya Uingereza ikishirikiana na CNPC ya Uchina. Na hawakupewa mafuta. Walipewa kibarua: dola 2 kwa kila pipa la ziada watakalotoa, huku mafuta yenyewe yakibaki mali ya Iraq. Mwisho wa mwaka huo huo Lukoil ya Urusi ilipata sehemu yake, ilhali Urusi ilikuwa imepinga vita vile waziwazi. Petronas ya Malaysia pia ikapata. ExxonMobil ya Marekani ilipata kisima cha West Qurna 1, ikakaa, ikachoka, ikaondoka. Kufikia mwanzo wa 2024 aliyekuwa ameshika usukani pale ni PetroChina.

Kwa hivyo kama Marekani ilienda Iraq kuiba mafuta, ni mwizi wa ajabu. Alivunja mlango, akapoteza maelfu ya askari wake, akatumia pesa zisizohesabika, kisha jirani akaingia na kubeba friji.

Ukiongeza mifano mingine mambo yanazidi kuchanganyika. Afghanistan, walikokaa miaka 20, haikuwa nchi ya mafuta. Libya ya 2011 ilikuwa nayo tele, lakini Eni ya Italia na Total ya Ufaransa zilikuwa tayari ziko ndani zikichimba, kwa makubaliano na Gaddafi mwenyewe. Kama shida ilikuwa kuyapata, walikuwa wanayapata.

Hapa ndipo wengi wa upande wa pili husema: unaona? Hiyo stori ya mafuta ni porojo za vijana wa mtandaoni. Mataifa makubwa huingilia kati kwa sababu ya usalama, ugaidi, haki za binadamu.

Polepole. Kuna nchi moja ambayo yeyote anayetaka kubishana juu ya jambo hili lazima aijue, na ajabu ni kwamba kwenye midahalo yetu haitajwi. Si Iraq wala Libya. Ni Iran, na mwaka ni 1953.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka wa 1901 mfalme wa Uajemi alimpa Mwingereza mmoja, William Knox D'Arcy, kibali cha kutafuta mafuta karibu nchi nzima kwa miaka 60. Bei? Pauni 20,000 taslimu, hisa kidogo, na ahadi ya asilimia 16 ya faida. Mafuta yakapatikana Masjed Soleyman mwaka wa 1908. Kampuni ikaundwa, na mwaka wa 1914, jeshi la majini la Uingereza likiwa linahama kutoka makaa ya mawe kwenda mafuta, serikali ya London ilinunua hisa nyingi za kampuni hiyo. Fikiria hapo. Aliyechimba mafuta yako si mfanyabiashara tena, ni serikali yenye manowari.

Kampuni hiyo, ambayo baadaye iliitwa Anglo-Iranian, ilijenga huko Abadan kiwanda cha kusafisha mafuta kilichokuwa kikubwa kuliko vyote duniani. Wafanyakazi wa Kiirani waliishi kwenye vibanda pembeni mwa mabomba, wakubwa wa Kiingereza wakiwa na nyasi na vidimbwi vya kuogelea. Na mgawo ulikuwa hivi: kufikia 1950, kodi ambayo kampuni ililipa serikali ya Uingereza ilikuwa kubwa kuliko mrabaha iliolipa Iran, mwenye mafuta. Iran ilipoomba kuona vitabu vya hesabu, ilinyimwa. Jirani yao Saudi Arabia alikuwa ametoka kukubaliana na Wamarekani kugawana faida nusu kwa nusu, kwa hivyo kila mtu Tehran alijua kwamba mkataba wa haki zaidi unawezekana.

Mwaka wa 1951 bunge la Iran likapiga kura kuyataifisha mafuta, na wakili mmoja mzee, Mohammad Mosaddegh, akawa waziri mkuu wa kuisimamia kazi hiyo. Huyu hakuwa jenerali aliyepindua mtu. Aliidhinishwa na bunge. Alisafiri hadi Umoja wa Mataifa kujitetea, akaenda hadi mahakama ya kimataifa kule The Hague, na mwaka wa 1952 mahakama hiyo ikasema haina mamlaka ya kusikiliza malalamiko ya Uingereza. Kisheria, alishinda.

Lakini wakati huo Uingereza ilikuwa imeshafunga soko. Ilituma manowari karibu na Abadan na kuonya dunia nzima kwamba atakayenunua mafuta ya Iran amenunua mali ya wizi. Meli moja, Rose Mary, ilijaribu kubeba shehena ikaishia kuzuiliwa Aden, bandari ambayo majahazi ya pwani yetu yaliijua vizuri, na iliyokuwa chini ya Mwingereza wakati huo. Iran ikawa na mafuta chungu nzima na hakuna mahali pa kuyapeleka.

Naomba msomaji ashike hapo, kwa sababu hapo ndipo ninapoona jibu. Kila aliyekulia kwenye ploti ya Nairobi anaujua mfereji wa nje ule wenye kufuli. Maji si ya keateka. Lakini ufunguo ni wake, na ukikosana naye, ndoo yako itakaa hapo hadi usiku. Hakuna siku amewahi kukuibia maji. Hana haja.

Vikwazo havikumwangusha Mosaddegh, hivyo ikatafutwa njia nyingine. Truman alikuwa amekataa wazo la mapinduzi. Eisenhower alipoingia 1953, akakubali. Shirika la ujasusi la Marekani, CIA, likishirikiana na wenzao wa Uingereza, lilimwaga pesa Tehran: kwa wahariri wa magazeti, kwa wabunge, kwa viongozi wa dini, kwa magenge ya kukodiwa ya kuzua fujo barabarani. Aliyesimamia kazi hiyo ni Kermit Roosevelt, mjukuu wa rais wa zamani. Jaribio la kwanza, katikati ya Agosti, lilibuma, na Shah akakimbilia Baghdad kisha Roma. Siku chache baadaye, tarehe 19, la pili likafaulu. Mosaddegh alifungwa miaka 3, kisha akazuiliwa nyumbani kwake kijijini hadi alipofariki mwaka wa 1967. Alizikwa ndani ya nyumba hiyo hiyo.

Hii si hadithi ya mtandaoni. CIA yenyewe ilitoa hati zinazokiri jukumu lake mwaka wa 2013, miaka 60 baadaye.

Sasa sikiliza mgawo wa baadaye. Mwaka wa 1954 uliundwa muungano wa kampuni. Anglo-Iranian, ambayo ilibadilisha jina na kuwa British Petroleum, ilipata asilimia 40. Kampuni za Marekani, ambazo hapo awali hazikuwa na hisa yoyote katika mafuta hayo, zikapata asilimia 40. Shell 14, Wafaransa 6. Na kwenye karatasi? Kwenye karatasi mafuta yaliendelea kuwa mali ya Iran. Hata faida sasa waligawana nusu kwa nusu. Lakini ni mapipa mangapi yatolewe, yauzwe kwa nani, vitabu vikaguliwe na nani, hayo yote yalikuwa mikononi mwa muungano.

Kuna wanahistoria wanaosema Wamarekani walisukumwa zaidi na hofu ya Ukomunisti kuliko mafuta. Ilikuwa zama za Vita Baridi, Iran ilipakana na Muungano wa Sovieti, na chama cha Tudeh kilikuwa na nguvu. Sikatai. Lakini nauliza: hofu yenyewe ilikuwa ya nini, kama si nani angeshika nchi iliyokalia mafuta kiasi hicho? Sababu hizo mbili hazikuwa ndoo mbili tofauti.

Ukishaisoma Iran, unairudia Iraq na macho mengine. Ndiyo, visima vilipigwa mnada na Wachina wakapata. Lakini Mei 2003, wiki chache tu baada ya Baghdad kuanguka, azimio la Umoja wa Mataifa nambari 1483 liliamua kwamba pesa za mafuta ya Iraq ziingie kwenye hazina maalum. Akaunti ilifunguliwa New York, katika Benki Kuu ya Marekani tawi la huko. Pesa za mauzo ya mafuta ya Iraq zimeendelea kupitia New York tangu wakati huo. Januari 2020, baada ya Marekani kumuua jenerali wa Iran, Qasem Soleimani, jijini Baghdad, bunge la Iraq lilipiga kura kutaka askari wa kigeni waondoke. Vyombo vya habari vya Marekani vikaripoti kwamba Washington iliionya Iraq: mkitufukuza, mnaweza kupoteza ruhusa ya kuigusa akaunti hiyo.

Askari hawakuondoka.

Hilo ndilo jibu nililolikosa siku ile kwa kinyozi. Mzee aliuliza nani alipewa mafuta, na mimi nilipaswa kuuliza nani ana ufunguo. Mchina anaweza kuchimba, Mrusi akachimba, Iraq ikauza, na bado mtu mmoja akabaki na uwezo wa kufunga.

Na hawajawahi kuficha sana. Januari 1980 Rais Jimmy Carter alitangaza hadharani kwamba jaribio lolote la nguvu ya nje kuitawala Ghuba litachukuliwa kuwa shambulizi dhidi ya maslahi muhimu ya Marekani, na litajibiwa hata kwa jeshi. Kumbuka huyu ndiye rais tunayemkumbuka kwa upole na haki za binadamu. Oktoba 2019 Donald Trump alipokuwa akiondoa askari kaskazini mwa Syria, alisema waziwazi kwamba wachache wanabaki kwa ajili ya mafuta. Wanadiplomasia wake walijikuna vichwa, maana kazi yao yote ni kutosema hivyo.

Mtu ataniuliza: lakini Marekani leo inachimba mafuta ghafi mengi kuliko nchi yoyote, ya Ghuba ya nini? Ni kweli inachimba. Lakini bei ya mafuta ni ya dunia nzima. Karibu sehemu moja kwa tano ya mafuta yanayotumika duniani hupitia mlango-bahari wa Hormuz, na Uchina, Japan na India zinayategemea. Mwenye manowari pale, na makao ya kikosi hicho cha Marekani yako Bahrain, ameshika koo la washindani wake na la marafiki zake kwa pamoja. Nasi tumo kwenye msururu huo na ndoo zetu. Meli zinazoleta petroli na dizeli Mombasa hutoka Ghuba, na kila tarehe 14 ya mwezi, bei mpya ikitangazwa, nauli ya matatu inatukumbusha kwamba Hormuz si mbali.

Kuna jambo moja ambalo wenzangu wa "ni mafuta tu" hawapendi kulisikia. Si wazungu peke yao. Agosti 1990 Saddam Hussein aliimeza Kuwait, akidai inatoa mafuta kupita kiasi na kunyonya upande wake wa kisima kile kile cha Rumaila. Mzee wetu anaweza kukusimulia visima vilivyochomwa na wanajeshi wa Saddam wakiondoka 1991. Japan ilivamia visima vya Kalimantan mapema 1942 baada ya Marekani kuikatia mafuta. Ukipata nguvu na kiu kwa wakati mmoja, rangi ya ngozi haikuzuii.

Na jingine. Vijana wengi wana picha ya Gaddafi kwenye simu kama shujaa aliyeuawa kwa sababu ya mafuta. Mosaddegh, naelewa. Huyo alikuwa na bunge nyuma yake. Lakini "wanataka mafuta yetu" pia ni wimbo ambao kila dikteta mwenye kisima ameuimba ili asiulizwe pesa zimeenda wapi. Mabeberu wanaweza kuwa wanayataka kweli, na wewe ukawa unayaiba kweli. Hayo mawili hayapingani hata kidogo.

Kinyume chake pia tukitazame. Aprili 21, 1994, Rwanda watu wakichinjwa mchana kweupe, Baraza la Usalama lilipiga kura kupunguza askari wa Umoja wa Mataifa hadi 270. Hapakuwa na kisima, na hapakuwa na haraka. Sisemi mafuta yangewaokoa Wanyarwanda. Nasema wanaotuambia kwamba majeshi hutumwa kwa sababu ya utu wana deni la kueleza hesabu hiyo.

Mbona nasumbuka na haya yote? Kwa sababu ya Lokichar. Machi 2012 Rais Kibaki alitangaza kwamba mafuta yamepatikana Turkana, kisima cha Ngamia 1, na Tullow ya Uingereza ndiyo iliyokuwa ikichimba. Agosti 2019 shehena ya kwanza ya majaribio iliondoka Mombasa. Total na Africa Oil wakajitoa 2023, na 2025 Tullow ikauza sehemu yake kwa Gulf Energy. Miaka zaidi ya 10, wamiliki wamebadilishana, na sisi vijana tunachojua ni bei ya lita moja hapo Jogoo Road.

Rafiki yangu mmoja husema afadhali yakae ardhini, maana yakitoka Wamarekani watakuja. Nilikuwa nafikiri hivyo. Sasa naona hakuna haja ya mtu kuja na manowari. D'Arcy hakuja na bunduki, alikuja na karatasi na mfalme akaitia sahihi. Manowari zilikuja miaka 50 baadaye, Wairani walipotaka karatasi ibadilishwe. Sheria yetu ya Petroli ya 2019 inasema kaunti ipate asilimia 20 ya mgao wa serikali na jamii ya mahali asilimia 5, na inataka mpango wa uchimbaji uidhinishwe na Bunge. Wakazi wa Turkana hawakusubiri sheria hiyo kuuliza maswali. Mwaka wa 2018 walisimamisha malori ya mafuta barabarani, wakidai usalama na ajira. Sisi wa Nairobi tuliwaona kwenye runinga ya kinyozi tukasema wanachelewesha maendeleo.

Jumamosi iliyopita nilimpata mzee na ndevu zake. Nilimweleza habari za Mosaddegh, alizijua. Nilimweleza habari za akaunti ya New York. Alinyamaza, akajifuta shavu na taulo.

"Hiyo ya akaunti sikuijua," akasema. Kisha akaniangalia kupitia kioo. "Na mkataba wa Turkana umeusoma?"

"Bado, mzee."

Kinyozi akawasha mashine.